Kompyuta Kuukuu na Kisima cha Nyumbani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kilindoni, Mafia)



Barua ya Katibu ilinitaka nizungumze juu ya Sayansi na Maendeleo ya Kisiwa Chetu. Ndugu zangu, mimi ni mtumishi wa Serikali, na katika kazi yangu nimekwisha kuandika juu ya maendeleo kurasa nyingi kuliko alizowahi kuzisoma mtu yeyote. Kwa hiyo naomba ruhusa niipunguze mada. Nitazungumza juu ya kitu hiki kilichofunikwa kanga hapa mezani, na juu ya kisima cha mama yangu kule Baleni.

Naifunua. Hapana, si taipureta, ingawa nimemsikia mtu kule nyuma akisema hivyo, na kwa kuitazama tu hana kosa. Hii ni kompyuta ya nyumbani. Jina lake ni BBC Micro. Ilitengenezwa na kampuni ya Acorn ya mji wa Cambridge, Uingereza, ikatoka mwezi Desemba 1981, kwa ajili ya mpango wa Shirika la Utangazaji la Uingereza wa kuwafundisha wananchi wao kompyuta kwa njia ya televisheni. Kumbukumbu yake ni kilobaiti 32. Picha moja ya harusi iliyomo katika simu yako haiwezi kuingia humu hata pembe yake.

Mtaniuliza, mwaka 1981 sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa katika marufuku. Serikali yetu ilipata kompyuta mapema, tangu mwaka 1965, pale Wizara ya Fedha. Lakini hesabu zilizotiwa humo zilivurugika, fedha nyingi zikapotea, na mwaka 1974 ikapigwa marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni. Na hata kama mjomba wako baharia angekuletea moja ndani ya gunia la mchele, ungeitazamia wapi? Kompyuta hizi hazikuja na kioo chake. Zilichomekwa katika televisheni ya sebuleni. Ndugu zetu wa Unguja walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 70. Huku Bara tulingoja hadi 1994. Sisemi waliopiga marufuku walikuwa wajinga. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nasema tu kwamba kosa kubwa, kwa maoni yangu, halikuwa la mashine. Tulinunua kitu ambacho miongoni mwetu walikuwa wachache mno wa kukifungua kifuniko na kuona kinafanya nini.

Sasa nawarudisha darasani. Mwaka 1996, tukiwa kidato cha tatu, shule yetu haikuwa na kompyuta hata moja, lakini maktaba ilikuwa na kitabu cha kompyuta kilichokuja katika msaada wa vitabu, na tulikuwa na mwalimu wa fizikia aliyekisoma hadi jalada likang'oka. Mnakumbuka alichofanya. Alitoa wanafunzi 8 mbele ya darasa na kuwapanga mstari. Akasema, ninyi ni nyaya 8 za mlango wa kompyuta. Anayesimama ni moja, anayechuchumaa ni sufuri. Kisha akaandika namba ubaoni, nasi tukasimama na kuchuchumaa, na tulipokosea tukarudia, jasho likatutoka kuliko siku ya gwaride. Ndivyo tulivyojifunza kompyuta, ndugu zangu, kwa magoti.

Mwenzetu wa nane, ambaye yuko hapa ukumbini na sitamtaja, alipangiwa kazi nyingine. Aligeuzwa uso dirishani. Mwalimu akamwambia, wewe husimami wala huchuchumai, wewe unatazama tu kama mlango wa stoo umefungwa, ukiulizwa useme. Sisi tulicheka. Tulidhani ameadhibiwa kwa kuchelewa. Naomba mumweke akilini mwenzetu huyo, nitarudi kwake.

Mashine yenyewe niliipata mwaka 2019, Dar es Salaam, kwa mzee mmoja aliyekuwa akihama nyumba na kugawa vitu. Nilipoona jina lake nilisikia magoti yakiuma. Nilifika nayo nyumbani, nikaichomeka kwenye umeme bila kuuliza, na baada ya dakika chache ikatoa mlio na moshi mweupe wa kunuka uliojaa sebule nzima. Mke wangu alifungua madirisha yote bila kusema neno, na ninyi mliooa mnajua ukimya huo una uzito gani. Baadaye nilijifunza kwamba ni ugonjwa unaojulikana wa mashine hizi: katika kisanduku chake cha umeme kuna kapasita ya kuchuja ambayo ganda lake hupasuka kwa uzee, unyevu ukaingia, na siku ikipewa umeme hulipuka. Fundi wa redio aliibadilisha kwa bei ndogo sana. Tangu hapo haijatoa moshi.

Wengi huishia hapo, wakaiweka kabatini iwe pambo. Mimi nilikuwa na shida iliyoniwasha. Baba alikwisha kufariki. Mama alikuwa peke yake Baleni, miguu imemchoka, na mdogo wetu aliyekuwa akimsaidia amekwenda kusoma. Tulimchimbia kisima na kumwekea pampu ya umeme na tangi juu ya mnara, tukidhani tumemaliza. Lakini swichi ya pampu iko kwenye kibanda cha kisima, bondeni, chini ya minazi, na njia yake wakati wa masika ni utelezi mtupu. Hakutaka kuhamia mjini, na sikuwa na haki ya kumlazimisha. Nikajiuliza, je, siwezi kuwasha pampu ile nikiwa ofisini Dar es Salaam?

Wazo hili si jipya duniani. Mwaka 1966 mhandisi mmoja wa Marekani, Jim Sutherland, wa kampuni ya Westinghouse, alijijengea nyumbani kwake Pittsburgh kompyuta aliyoiita ECHO IV, ikiongoza vipimo vya joto na vifaa vingine vya nyumba. Mwaka 1975 kampuni ya Pico Electronics ya Glenrothes, Uskoti, ilibuni mfumo wa X10, ambao hupitisha amri ndani ya nyaya zile zile za umeme zilizomo ukutani, ukaweza kuzima taa ya chumba kimoja ukiwa chumba kingine. Wenye kompyuta za nyumbani miaka ya 80 waliupenda sana.

Nakiri mbele yenu kwamba siku hizi kuna vibao vidogo vya kompyuta, vikubwa kama kiberiti tu, ambavyo vingeifanya kazi hii kwa gharama ndogo na umeme mdogo zaidi. Kijana mwenye haraka anunue hicho. Mimi nilichagua hii kuukuu kwa sababu naielewa yote, kuanzia msumari hadi herufi. Hakuna sehemu yake inayofanya jambo ambalo sikuiamuru.

Basi inafanyaje kazi? Chini ya tumbo lake kuna mlango wenye nyaya 8, zile zile tulizokuwa sisi. Ukiandika kwenye kibodi maneno haya, ?&FE62=255, unaziambia nyaya zote 8 kwamba kazi yao ni kusema. Kisha ukiandika ?&FE60=1, waya wa kwanza unasimama na wengine wanachuchumaa. Umeme wa waya huo ni mdogo mno, hauwashi hata balbu ya tochi. Kwa hiyo unaamsha transista, transista inavuta rilei, rilei inavuta kontakta, na kontakta ndiyo yenye mabega ya kubeba umeme wa pampu. Ni kama ofisi: karani anamgusa mkuu wa idara, naye anamgusa mwenye gari. Na tafadhali, upande huo wa pampu mwachieni fundi wa umeme mwenye leseni, kama nilivyofanya mimi. Volti 230 hazijui kwamba wewe ulisoma chuo kikuu.

Upande wa pili wa mashine kuna mlango mwingine, unaopeleka na kupokea herufi moja moja. Hapo nilichomeka modemu ya simu yenye laini yake. Nikituma neno MAJI kutoka Dar es Salaam, modemu inaupokea ujumbe, kompyuta inausoma, inaangalia kama namba iliyotuma ni mojawapo ya namba 3 za watoto wa nyumba ile, kisha inasimamisha waya wa kwanza kwa dakika 40. Programu imechomwa ndani ya chipu isiyosahau, kwa sababu kumbukumbu ya kawaida hufutika umeme ukikatika, na sihitaji kuwaeleza wana Mafia juu ya umeme kukatika. Kilichonisumbua zaidi ni matangazo. Laini ile ilipokea kila siku habari kwamba imeshinda mamilioni, hadi nafasi ya kutunzia ujumbe ikajaa na amri zangu zikakosa pa kuingia. Ilibidi niifundishe kufuta.

Msije mkadhani kuongoza nyumba kwa mbali ni jambo la ajabu katika nchi yetu. Wangapi hapa mmewanunulia wazazi LUKU kwa simu mkiwa mjini, mkawasomea zile tarakimu 20 polepole, na wajukuu wakizibonyeza? Hiyo ni kuwasha taa ya mama ukiwa mbali. Na kuna kampuni za umeme wa jua za mkopo, kama M-KOPA ya Kenya iliyoanza kuuza mwaka 2012, ambazo huzima mtambo ulioko nyumbani kwako kwa mtandao wa simu usipolipa. Tofauti ni nani mwenye swichi. Nilitaka swichi ya nyumba yetu ibaki kwetu.

Mwaka 2021 niliifunga Baleni, chumbani kwa marehemu baba. Ilifanya kazi siku ya kwanza. Nilituma MAJI nikiwa nimesimama uani, pampu ikanguruma bondeni, mama akapiga kofi akasema, "Haya, mwanangu, umesoma kweli." Niliporudi Dar es Salaam nikawa mtu wa kujisifu. Kila asubuhi ofisini natuma neno langu, na baada ya muda mfupi jibu linarudi: PAMPU IMEWAKA. Niliwaonyesha wenzangu hadi wakachoka.

Mwezi Februari 2022, katikati ya jua la kaskazi, nilituma neno langu siku 4 mfululizo, na siku zote 4 nikajibiwa PAMPU IMEWAKA. Siku ya tano jirani akanipigia. Mama ameteleza njia ya kisimani akiwa na ndoo, kifundo cha mkono kimeteguka, yuko Kilindoni hospitali.

Nilikuja kwa boti ya Nyamisati, na njia nzima niliushika ule ujumbe mkononi nikiusoma. Pampu imewaka. Pampu imewaka. Nilipofika nilimkuta amefungwa mkono, anatabasamu kama kwamba mimi ndiye mgonjwa. Nikamwuliza, "Mama, siku 4 hakuna maji, kwa nini hukunipigia?" Akajibu, "Nilijua umeamua kubana, baba. Nikasema mambo yamekukalia vibaya huko mjini, nisikusumbue."

Ndugu Mwenyekiti, hilo ndilo lililonileta mbele yenu leo, kuliko sayansi yote. Mama aliona tangi tupu akasoma humo uamuzi wangu. Mimi nilisoma ujumbe nikaona tangi limejaa. Kati yetu palikuwa na mashine yenye kusema uongo bila kukusudia.

Nilikwenda kibandani. Sisimizi walikuwa wamejenga ndani ya kontakta, wakajaza udongo na mizoga yao mahali pale vyuma viwili vinapokutana. Rilei ilivuta kila siku kwa utiifu, kontakta ikabofyea juu ya sisimizi, umeme haukupita. Na kompyuta? Kompyuta ilijibu PAMPU IMEWAKA kwa sababu mimi niliiandikia ijibu hivyo mara tu inapousimamisha waya. Haikuiona pampu. Haikuwa na jicho. Ilichokuwa ikiniambia ni hiki tu: nimetoa amri. Mfumo ule wa X10 wa mwanzo nao ulikuwa na kasoro hiyo hiyo. Ulituma tu, taa haikuwa na njia ya kujibu.

Na jambo la kunitia haya ni kwamba sisi wana Mafia tulipaswa kulijua hili kuliko wengine. Wazee wetu walituhadithia manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha katika mito ya Rufiji baada ya kuizamisha meli ya Kiingereza Pegasus bandarini Unguja, Septemba 1914. Waingereza walikiteka kisiwa hiki Januari 1915, wakaweka ndege zao hapa. Meli zao mbili, Severn na Mersey, ziliingia deltani na kupiga mizinga juu ya mikoko, kwa shabaha wasiyoiona kabisa. Mpiga mzinga alijua tu kwamba amepiga. Ndege iliyoruka kutoka hapa Mafia ndiyo iliyotazama risasi imeangukia wapi, ikarudisha habari kwa redio, mbele kidogo, kulia kidogo. Tarehe 6 Julai 1915 walishindwa. Tarehe 11 walirudi, na rubani Cull na mwenzake Arnold waliendelea kuwatumia masahihisho hata ndege yao ilipopigwa ikawa inashuka mtoni. Siku hiyo Königsberg ikaisha. Mizinga ilikuwa ile ile. Nilikulia kwenye kisiwa kilichotumika kuwa jicho, nikaenda kujenga mtambo usio na jicho.

Nakumbuka vilevile nyaraka ninazozituma kazini kwenda wilayani. Tunaandika kwenye jalada: "Imetekelezwa, waraka umepelekwa." Sitaendelea na hilo, maana nina miaka kadhaa kabla ya kustaafu.

Basi nikamkumbuka mwenzetu wa nane, aliyegeuzwa uso dirishani. Mlango huu wa kompyuta una tabia moja nzuri: kila waya unaweza kuamriwa ama useme ama usikilize. Badala ya 255 nikaandika ?&FE62=127. Kwa namba hiyo nyaya 7 zinasema, na wa nane unanyamaza na kusikiliza. Huo wa nane nikaupeleka hadi kwenye tangi, kwenye boya lenye swichi. Maji yakipanda, boya hunyanyuka na kompyuta hujua. Nikalifuta lile neno PAMPU IMEWAKA. Sasa yako majibu mawili tu. La kwanza, TANGI LIMEJAA, na halitoki mpaka boya linyanyuke. La pili, dakika 40 zikipita bila boya kunyanyuka, mashine huizima pampu na kuandika MAJI HAYAJAPANDA, nami humpigia fundi kabla sijamaliza chai. Jibu hilo la pili limekuja mara 3 tangu hapo: mara moja bomba lilipasuka, mara moja umeme ulikuwa hafifu, na mara moja boya lenyewe lilikwama kwa chumvi na tangi likafurika hadi kwenye bustani ya mchicha. Kwa hiyo jicho nalo huugua. Hewa ya bahari inakula shaba. Kila miezi 3 mtu lazima asafishe viungio kwa brashi na spiriti.

Lilibaki la mama. Nilipomweleza habari ya waya unaosikiliza aliuliza, "Na mimi je, huo mtambo wako unanisikia wapi?" Sikuwa na jibu. Siku ya pili yake namba ikashuka kutoka 127 hadi 63, ili waya wa saba nao usikilize, na mwisho wa waya huo nikaweka kitufe cha kengele ya mlango kando ya kitanda chake. Tulikubaliana: akibonyeza mara moja, sisi watoto 3 tunapata ujumbe MAMA AMEAMKA. Akibonyeza mara mbili, MAMA ANAITA.

Ya mara moja aliitumia wiki moja, akaacha. Alisema haoni kwa nini atangaze kuamka kwake kama mwadhini. Ya mara mbili anaitumia sana. Tukimpigia, mara nyingi hana dharura yoyote. Anataka kujua mjukuu amepata alama gani, au anatuarifu nani amefariki Kirongwe. Mdogo wangu alilalamika kwamba kitufe ni cha dharura. Mimi nimemwambia asimguse mama na kitufe chake.

Nimemaliza, Ndugu Mwenyekiti. Mashine hii nimeiazima kwa mama leo asubuhi, na mpwa wangu amekaa kibandani kuwasha pampu kwa mkono. Lazima irudi Baleni kabla ya magharibi. Anayetaka kuiona asogee sasa hapa mezani, nimeleta na taa 7 ndogo na swichi moja ya boya, muone nyaya zikisimama na kuchuchumaa. Mwenzetu wa nane namwomba aje kwanza.